Mama wa Bata na Majani Mekundu

Gemu ile ya shamba imetengenezwa upya. Watu wa kundi letu la waandishi, waliponisikia nikiisifu ya zamani kwa mara nyingine, waliniomba niandike makala ya kuzilinganisha, na nilikubali kabla hawajamaliza kuomba. Nilikuwa nimesema mara nyingi mno, hata mbele ya kipaza sauti, kwamba mimi sikufundishwa kusimulia na kitabu. Nilifundishwa na mwanamke mmoja mwenye bata, aliyeishi kando ya mto ndani ya gemu, ambaye siku moja alikwenda kutibiwa na kuacha ujumbe mlangoni kwamba atarudi majani yakiwa mekundu. Watu walipenda kusikia hivyo. Mimi mwenyewe nilipenda zaidi yao.

Makala ile sikuiandika. Nimeandika hii.

Mama alipoondoka nyumbani kwetu Masuguru, Korogwe, niliambiwa amekwenda kutibiwa. Nilikuwa darasa la kwanza, kaka yangu darasa la sita. Sikuambiwa ni ugonjwa gani wala hospitali ipi, na nilipouliza baba alisema, "Kula kwanza." Haukupita muda akarudi jioni moja na kiroba mgongoni, na ndani ya kiroba, katikati ya nguo za mtumba, mlikuwa na mashine ya gemu iliyokwishatumika, pedi moja yenye waya uliofungwa gundi ya karatasi, na sidii chache. Zote zilikuwa na mikwaruzo. Iliyokubali kusoma ilikuwa moja tu, na juu ya kasha lake palikuwa na picha ya kijumba, mto, na miti yenye majani mekundu.

Sisi hatukuwa na miti ya namna hiyo. Mimi nilidhani inaungua. Kaka alisema hapana, huko kwao majani huwa hivyo wakati wa mavuno, halafu hudondoka.

Vijana wa jirani walikuja siku ya kwanza wakitegemea gemu ya mpira. Walisimama mlangoni wakimtazama kaka anavyokwenda na kopo la kumwagilia, tuta moja, tuta la pili.

"Yaani mnamwagilia?"

"Ndiyo."

"Mnamwagilia kwenye runinga?"

"Na kuna ng'ombe," nikasema mimi, nikidhani hilo litawapendeza.

"Mnamkamua?"

"Tunamkamua."

"Sasa maziwa mnayanywa wapi?"

Waliondoka wakicheka mpaka barabarani, na kwa muda mrefu baadaye kila tukipita walituuliza kama mvua imenyesha kwenye runinga. Ilitusaidia, maana hawakurudi kugombania pedi.

Mashine ilikuja bila memori kadi. Hatukuwa na mahali pa kusevu, kwa hiyo kila tulipoiwasha shamba lilikuwa pori lilelile lenye mawe yaleyale, na sisi wageni kijijini. Tuliujua msimu wa kwanza kama watu wanavyoijua njia ya kwenda kisimani. Msimu wa pili tuliujua vizuri. Wa tatu, wa majani mekundu, hatukuwahi kuufikia, kwa sababu kabla ya hapo umeme ulikatika.

Halafu maandishi. Gemu yote ilikuwa kwa Kijapani. Ukimsogelea mtu na kubonyeza, chini ya kioo yalijipanga maandishi kama vichumba vidogo vyenye madirisha mengi, na mimi niliyekuwa najikongoja na a, e, i, o, u nilimgeukia kaka. Naye alisoma. Alisoma bila kusitasita, kwa sauti tofauti kwa kila mtu. Mzee wa duka: "Anasema mbegu za figili hazipo, daraja limekatika, gari la mizigo limelala ng'ambo." Fundi seremala: "Anasema shemeji yake amemwazima msumeno na sasa anajifanya hamjui." Haikunipitia akilini kwamba mwezi ule daraja lililokatika lilikuwa la kwetu. Niliona tu kwamba dunia inafanana kila mahali, na hilo lilinifurahisha.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Kwedizinga kuonwa jicho akakaa kwetu siku kadhaa. Alikaa kwenye mkeka nyuma yetu, akalitazama shamba letu la kwenye kioo kwa jicho moja, na jicho moja lilimtosha.

"Mahindi hayo umeyabananisha."

"Si mahindi, bibi, ni figili."

"Hata kama. Na hilo lambo mnalochota, mbona halipungui?"

"Halikaukagi, bibi," kaka akajibu.

"Basi hapo si Uzigua." Akanyosha kidole kwenye kioo. "Na yule mwanamke wa bata mbona hamjamwamkia? Mnampita kama mti."

Hivyo tukaanza kumwamkia. Katika gemu ya zamani hakuna aliyekusemesha kwanza. Ilibidi wewe uende, umsimamie mbele, ubonyeze. Usipokwenda, miezi ingepita na mtu asikujue. Sisi tuliona ni sawa kabisa, mdogo ndiye anayeanza. Kila asubuhi ya gemu, kabla ya kushika jembe, tulishuka mtoni. Yeye alikuwa mwanamke mnene wa kadiri, kitambaa cha kijani kichwani, anauza mayai ya bata kwenye dirisha la nyumba yake. Nilibonyeza na kusema kwa sauti, "Shikamoo," na kaka akasoma, "Anasema marahaba, umeamkaje, umekunywa chai?" Ukimpelekea figili alicheka mpaka mabega yakapanda na kushuka. Mama yangu alikuwa akicheka hivyo.

Siku moja tulimkuta dirisha limefungwa. Mlangoni palikuwa na kibao. Nilikisogelea nikabonyeza, na maandishi yakaja machache, mstari mmoja na nusu. Kaka alikaa kimya kuliko kawaida.

"Anasemaje?"

"Anasema amekwenda kutibiwa."

Nilimtazama.

"Anasema, msiwe na wasiwasi. Nitarudi majani yakiwa mekundu."

Kesho yake ya gemu dirisha lilikuwa wazi na mwanamke yupo, kitambaa kilekile cha kijani. Niliruka juu. Kaka akaniambia nitulie, yule si yeye, ni mdogo wake, amekuja kuangalia bata. Wamefanana tu. Nilimchunguza kwa makini na kweli nikaona hacheki sawasawa. Tangu hapo nilimwamkia kwa heshima lakini figili sikumpelekea tena. Kibao kikitokea upya, kaka alisema ni ujumbe uleule. Nilikuwa nazitunza.

Sijui tulianza shamba lile mara ngapi. Najua nilivyokuwa nikisubiri. Msimu wa pili ukielekea mwisho, nyasi za kwenye kioo zikianza kupauka, nilikuwa nasogea mpaka pua inakaribia runinga. Kaka angesema ana kiu, angetoka nje. Halafu pap, kioo cheusi, na yeye kurudi mlangoni akisema, "Wamekata tena hawa." Nakumbuka kulia. Nakumbuka pia, na hili nililiweka mahali nisikolifikia kwa miaka mingi, redio ya jirani upande wa pili wa ukuta ikiendelea kusoma salamu za wasikilizaji. Nilimuuliza kaka mara moja. Alisema ile ni ya betri.

Nilipofika darasa la tano niliujua ukweli, kwa njia ya kawaida kabisa: msichana mwenzangu aliniambia tukiwa kwenye foleni ya bomba. Mama yangu hakuwa mgonjwa. Alikuwa Kerenge, mwendo wa asubuhi moja tu kwa basi, ameolewa na mtu mwingine, analima mpunga. Aliondoka kwa sababu zake, ambazo leo nazielewa na hata kuziheshimu. Tunaonana, ananipa mchele, ananiita mwanangu. Lakini siku ile ya bomba nilirudi nyumbani nikawatazama watu wazima wote, baba, bibi, mwalimu wangu, mpaka muuza genge aliyekuwa akinipa pipi bila sababu, nikaona kwamba wote walikuwa wanajua. Kwenye mtaa mzima aliyekuwa hajui ni mimi.

Ndipo nilipoishikilia gemu. Mashine ilikuwa imeshaacha kuwashwa, imewekwa juu ya kabati, lakini niliibeba kichwani kila nilikokwenda. Watu walinidanganya. Gemu haikunidanganya. Yule mama alikwenda kutibiwa kweli na aliahidi kurudi kweli, na kama sikumwona akirudi ni kwa sababu mimi sikufika. Huko mbele, nyuma ya umeme uliokatika, kulikuwa na siku ambayo majani ni mekundu na yeye yuko dirishani. Nimeandika riwaya nzima nikiegemea siku hiyo. Yule mama wa darajani kwenye kitabu changu ni yeye, na maneno anayoyaacha kwenye mlango ni yale niliyosomewa, sikubadili hata moja.

Sasa toleo jipya. Nililinunua nikiwa kwenye chumba changu cha kupanga Handeni, wiki ambayo maji yalikuwa hayajatoka na ndoo zote zimepangwa mlangoni kama watu wanaosubiri daktari. Nilifungua kompyuta nikiwa na daftari la makala pembeni. Niseme haki: ni zuri. Muziki wa zamani ulikuwa kipande kifupi kinachojikwaa palepale kila kikirudi. Huu mpya unatiririka, una filimbi na zeze. Udongo wa zamani ulikuwa mweusi wa kubandika. Huu una unyevu, unaona mpaka alama ya unyayo. Lakini nilianza kunung'unika mapema. Wazee wote wamepunguzwa umri. Ukimwagilia tuta moja, matatu ya jirani yanajimwagilia yenyewe. Zamani mkulima wako alichoka mpaka akaanguka kifudifudi shambani, nasi tukacheka kwa uchungu. Sasa kuna kijialama kinakukumbusha upumzike. Na watu wanakuita. Unapita mbali, unafanya shughuli zako, mtu anapaza sauti anakusalimu kwa jina. Niliandika daftarini: kijiji kimesahau adabu.

Shamba hili linajisevu lenyewe. Hakuna kinachopotea. Niliandika na hilo, nikaliwekea mstari, bila kujua bado linanihusu vipi.

Mama wa bata alikuwepo. Mwembamba sasa, kitambaa kimekuwa cha zambarau. Nilimwamkia kwa sauti, peke yangu chumbani, na nikaona aibu na furaha kwa pamoja. Toleo hili lina Kiingereza, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilimsoma mwenyewe. Alisema mayai ni mabichi. Siku ya pili alisema mayai ni mabichi na hewa ni nzuri. Nilimvumilia, nikijua yaliyo mbele.

Kisha asubuhi moja dirisha likafungwa na kibao kikatokea. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nilibonyeza.

Leo ni siku ya mapumziko. Karibuni kesho.

Nilisoma tena. Nilitoka kwenye kibao nikarudi, nikabonyeza upya, kana kwamba nimegonga mlango usio wenyewe. Nikamlaza mkulima wangu ili kuche, na kulipokucha mama alikuwa dirishani, mayai ni mabichi. Wiki iliyofuata, siku ileile, kibao kilekile.

Hasira yangu ya kwanza iliwaendea watengenezaji. Walikuwa wamewapunguza wazee miaka na kuwatoa wakulima uchovu. Bila shaka waliona na ugonjwa hautauzika. Wameufuta. Niliingia mtandaoni kwa watu wanaozilinganisha gemu hizi mstari kwa mstari, watu wanaojua hata jiwe lililosogezwa, nikauliza kwa ukali ulikokwenda ujumbe wa kutibiwa. Walinijibu kwa upole. Katika ya zamani, wakasema, kibao kile kinasema hivyohivyo. Mmoja aliweka picha ya kioo cha zamani, vile vichumba vyenye madirisha mengi, mstari mmoja na nusu, na tafsiri chini yake. Karibuni kesho.

Niliangalia picha ile muda mrefu. Kisha nikafunga kompyuta, na Jumamosi nikapanda basi la Korogwe.

Kaka sasa ana duka la vipuri vya pikipiki na anaishi na mkewe kwenye nyumba yetu ileile ya Masuguru. Nilimkuta barazani anasafisha kabureta kwa mswaki. Wifi yangu alinipokea begi, akasema nimekonda, Handeni hawali, akaingia kuchemsha chai.

"Kaka," nikasema, "Kijapani ulijifunzia wapi?"

"Kijapani gani?"

"Cha kwenye gemu."

Alicheka, mswaki mkononi. "Wewe ndiyo leo unauliza? Mtoto wa darasa la sita, Masuguru hapa, Kijapani. Hata Kiingereza chenyewe mwalimu alikuwa ananisahihishia kwa huruma."

"Mama wa bata."

Kicheko kiliisha.

"Kile kilikuwa kibao cha duka," nikasema. "Siku ya mapumziko."

"Inawezekana."

"Na mdogo wake?"

"Ulikuwa umeshaamini, mdogo wangu. Mwanamke katokea kesho yake, na mimi nimeshasema kaenda kutibiwa. Ningesemaje?"

"Ungesema amepona."

Alilifikiria hilo kama mtu anayepewa spana sahihi baada ya kazi kuisha. "Angepona yule," akasema, "ungeniuliza na wa kwetu anapona lini."

Wifi alitoka na chai, akatutazama, akaweka vikombe na kuondoka bila kutania. Nikamuuliza kaka alikuwa anajua tangu lini kuhusu Kerenge.

"Mimi ndiye niliyembebea begi mpaka stendi."

Alisema hivyo akiangalia kabureta. Kwa hiyo hakuwa miongoni mwa waliokuja kuambiwa baadaye. Alikuwepo. Alimpungia mkono, akarudi nyumbani, akanikuta nasubiri, na gemu ilipokuja akaichukua kama mtu anayechukua shuka kufunika kitu.

"Kitabu changu umekisoma?"

"Nilikisoma. Nilipofika kwa yule mama wa darajani, kwenye yale maneno ya mlangoni, nikakifunga."

"Na ukaniacha nizunguke nikiwaambia watu."

"Ulikuwa unasema vizuri. Watu wanapiga makofi. Niinuke niseme maneno ni yangu?"

Hapo ndipo nilipoumia kuliko kote. Uongo wa mtoto kwa mtoto ningeweza kuubeba. Lakini miaka yote hii alikaa viti vya nyuma, ananisikiliza nikimtaja mwalimu wangu wa kwanza, na anajua kwamba mwalimu huyo hayupo, ni yeye na kibao cha duka lililofungwa.

Wifi alisema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu anayetaka kubadili hewa, kwamba ile mashine bado ipo juu ya kabati, kwa nini tusiiwashe tuone wenyewe.

"Haitafika huko," kaka akajibu haraka. "Umeme."

"Siku hizi haukatiki hivyo," nikasema.

Aliinua macho akatazama boksi la mita ukutani, na swichi kubwa iliyo chini yake, hatua chache kutoka mlango wa sebuleni. Alitazama muda ule ambao mtu anautumia kuamua.

"Hata siku zile," akasema, "haukuwa unakatika hivyo."

Nilisikia redio ya jirani kama vile imewashwa wakati ule, salamu za wasikilizaji, betri zisizoisha.

Kesho yake asubuhi tuliiwasha. Sidii ilikwama, kaka akaifuta kwa fulana yake, ikakubali. Pori lilelile, mawe yaleyale, kipande kilekile cha muziki kinachojikwaa. Hatukulima. Tulimwingiza mkulima ndani kulala, tukamtoa, tukamwingiza tena, siku juu ya siku, na pori likamea mpaka mlangoni kwake. Kaka alishika pedi, mimi nilikaa nyuma kwenye mkeka, alipokuwa akikaa bibi. Hakuna aliyesema ana kiu.

Mchana ulipopinda, nyasi zikapauka, na bila shamrashamra yoyote msimu ukageuka. Sikuwa nimeuona maishani mwangu. Majani mekundu ya gemu ya zamani hayana uzuri wa yale mapya yanayopepea moja moja. Ni miti ileile iliyopakwa rangi nyingine, ikasimama. Kaka alishuka mtoni bila kuambiwa. Mama wa bata alikuwa dirishani, mnene wa kadiri, kitambaa cha kijani. Alikuwa hapo siku zote.

Kaka alimsimamia mbele akabonyeza. Maandishi yakajipanga.

Nilisubiri. Sitaki kusema nilikuwa nasubiri nini.

"Sijui anasema nini, mdogo wangu," kaka akasema. "Sijawahi kujua."

Lilikuwa jambo la kweli la kwanza kunisomea kwenye kioo kile, na halikunipoza. Tulikaa na yale maandishi mbele yetu mpaka wifi akaita tukale. Memori kadi haikuwepo, hakukuwa na la kusevu. Kaka aliweka pedi chini, akajiinua kuelekea nje kwa mazoea ya miguu.

"Acha," nikamwambia. "Leo nitazima mwenyewe."

Alirudi akakaa. Niliinama nikabonyeza kitufe cha mashine, kioo kikawa cheusi, na upande wa pili wa ukuta redio ya jirani ikaendelea.